Bukavu: Mama mwenye mzigo mgongoni, na picha zilizosimulia matabaka ya Kongo

Kila asubuhi, akina mama kutoka Kabare na Walungu huingia mjini Bukavu na magunia ya makala, mihogo na maharagwe mgongoni, kamba imekazwa kwenye paji la uso. Wengi huelekea soko la Kadutu. Mji unakula kwa jasho lao, lakini ni nani aliyewahi kuchora maisha ya watu kama hao, na kwa ajili ya nani?

Jibu moja linapatikana Lubumbashi, miaka ya 1970. Huko wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, walichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga na kuwauzia watu wa kawaida: wafanyakazi, makarani, walimu. Picha ilitundikwa katika chumba cha wageni, nayo ikaitwa ukumbusho. Mmoja alitaka kijiji cha mababu, mwingine Mamba Muntu, mwingine mambo ya ukoloni.

Iliyojulikana zaidi ni "Colonie Belge". Ni uwanja wa gereza: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kiboko, mkubwa mweupe amesimama akitazama. Matabaka matatu katika picha moja. Watafiti wanaeleza kwamba wanunuzi wa enzi ya Mobutu waliona humo pia mambo ya wakati wao, bila kulazimika kuyasema.

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na picha za wakulima pia, lakini ziliwapendeza zaidi wenye mali. Mwaka 1980, mtafiti John Barrell alionyesha kwamba maskini katika picha hizo alipaswa kuonekana mchapakazi na mwenye kuridhika. Njaa yake iliwekwa gizani. Mwaka 1815, David Wilkie alikwenda kinyume kwa kuchora familia ya mkulima ambayo mali yake inaandikwa ili ikamatwe kwa deni la kodi ya shamba.

Tofauti kubwa iko kwa mnunuzi. Lubumbashi, aliyechora, aliyechorwa na aliyenunua waliishi maisha yanayokaribiana. Hakuna aliyehitaji kudanganywa kuhusu kiboko.

Wakaaji wa Bukavu hawahitaji maelezo marefu. Wakati wa Wabelgiji, wazungu walikaa kando ya ziwa, nao Waafrika waliofuata kazi mjini walipangiwa Kadutu, juu ya kilima. Mpaka leo, kutaja mtaa wa mtu ni kama kutaja hali yake.

Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alimsimulia mtafiti Johannes Fabian historia ya nchi kwa Kiswahili, akitumia takriban picha 100. Kitabu kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum, sasa Wereldmuseum. Mchoraji mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo historia iliyosimuliwa kwa lugha inayosemwa Kadutu, na kuchorwa kwa ajili ya ukuta wa mfanyakazi, imehifadhiwa mbali na wajukuu wa mfanyakazi huyo. Mtoto wa Bukavu ataiona kwenye simu, kama ana megabaiti. Mama wa Walungu, mzigo mgongoni, bado anasubiri mchoraji wake.