Mgonjwa wa Saratani ya Titi Akandwe Vipi?

Hapa Lubumbashi mama aliyejifungua hukandwa, na hakuna anayeuliza sababu. Lakini mama anayetibiwa saratani ya titi, ndugu zake huogopa hata kumshika bega. Wanaamini kumkanda kutatawanya ugonjwa. Hofu hiyo inamnyima nafuu anayoistahili.

Saratani husambaa kwa kuwa chembe zake zimebadilika zikapata uwezo wa kuhama. Damu na limfu hutembea mwilini saa zote, tukilala, tukitwanga, tukipanda ngazi. Kumpapasa mgonjwa mgongo au miguu kwa mafuta, taratibu, hakuonekani kuongeza hatari hiyo. Uvimbe wenyewe ndio usiopaswa kuminywa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitoa matokeo ya majaribio kwa wanawake 66 waliokwisha kutibiwa saratani ya titi, ila uchovu ukakataa kuwaachia. Huu si uchovu wa kutoka sokoni: mtu analala usiku kucha na kuamka kachoka vilevile. Kundi moja lilikandwa dakika 45 kila wiki, kwa wiki sita. Kundi la pili liliguswa kidogo tu, la tatu lilisubiri zamu. Waliokandwa ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Walioguswa nao walipata, ingawa kidogo. Waliosubiri hawakupata kitu.

Lakini ni nani hapa mjini, Katuba au Ruashi, atamlipa mkandaji kila wiki, wakati nauli ya hospitali tu ni mzigo? Ndiyo maana mimi nauthamini zaidi utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, wa William Collinge na wenzake. Wagonjwa 97 wa saratani mbalimbali waliingia pamoja na watu wanaowauguza nyumbani. Baadhi ya wauguzaji hao walijifunza kukanda kwa video na kitabu. Wengine waliwasomea wagonjwa wao. Kwa waliokandwa, maumivu, wasiwasi, uchovu na kichefuchefu vilipungua kwa asilimia 29 hadi 44. Kwa waliosomewa, asilimia 12 hadi 28. Kwa hiyo hata kuketi naye na kumsomea kuna faida, na mkono wa mume, binti au yaya yake una faida zaidi.

Mkono uliovimba baada ya kutolewa tezi za kwapani ni habari nyingine. Huo ni kazi ya kine, yaani mtaalamu wa viungo, kwa mazoezi na bandeji. Usiukande kwa maji ya moto: mara nyingi ngozi yake imekufa ganzi na itaungua bila mama kujua. Usiuchanje chale kamwe, maana wadudu wa maradhi huenea humo haraka sana.

Epuka pia kidonda cha upasuaji na ngozi iliyopigwa miale. Anayeugua mifupa, anayevilia damu ovyo wakati wa shimio (tiba ya kemikali), au aliyevimba mguu mmoja wenye maumivu, asikandwe kabla daktari hajamwona. Mguu huo unaweza kuwa na damu iliyoganda.

Wauguzi wa hospitali ya Sendwe na wa Kliniki za Chuo Kikuu, ndugu anayemlinda mgonjwa yuko hapo kitandani kila siku. Mwonyesheni namna ya kumkanda kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani.