Kwa Nini Orodha ya Muziki Haioni Nyimbo Mpya Zilizo Kwenye Hifadhi ya Mtandao

Programu ya kupiga muziki kwenye Linux haipekui folda zote kila inapotafuta wimbo. Hutunza orodha yake yenye majina ya nyimbo, waimbaji na albamu. Music Player Daemon, maarufu kama MPD, inaweza kuisasisha orodha hiyo yenyewe: mstari wa auto_update ukiwekwa "yes" kwenye faili la mipangilio, albamu mpya hujitokeza baada ya sekunde chache. Ndivyo inavyokuwa nyimbo zikiwa kwenye diski ya ndani. Zikihamishiwa kwenye hifadhi ya mtandao, orodha hubaki ya zamani.

Chanzo ni inotify, sehemu ya kiini cha Linux iliyoingizwa mwaka 2005 katika toleo la 2.6.13. Kazi yake ni kuiarifu programu kila faili linapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa ndani ya folda inayoangaliwa. Lakini kiini hujua tu mabadiliko yaliyofanywa kupitia kwake. Folda ya hifadhi ya mtandao, iliyounganishwa kwa NFS au SMB, huonekana kama ya hapo hapo, ilhali nyimbo zilizowekwa na kompyuta nyingine huandikwa kwenye seva, na inotify ya mashine inayopiga muziki haipati habari. MPD haijaharibika, inangoja taarifa isiyokuja.

Kuthibitisha ni rahisi. Wimbo mmoja unakiliwe kwenye folda hiyo kutoka mashine yenye MPD, na mwingine kutoka kompyuta nyingine. Wa kwanza ukionekana na wa pili usionekane, tatizo ni hilo. Zote mbili zisipoonekana, itolewe amri ya mpc update, inayoiagiza MPD isasishe orodha. Zikijitokeza, huenda idadi ya folda imepita kikomo cha inotify, kwa kuwa kila folda huhitaji nafasi yake. Kikomo kimeandikwa katika /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches, na kwenye mifumo mingi ya zamani kilikuwa 8192. Zisipojitokeza hata hapo, iangaliwe ruhusa: amri ya sudo -u mpd ls, ikifuatwa na njia ya folda, huonyesha kama mtumiaji mpd anaweza kuifungua.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuwasha kompyuta. MPD ikiamka kabla hifadhi haijaunganishwa, hukuta folda tupu, na ikisasisha wakati huo hufuta nyimbo zote kwenye orodha, ingawa mafaili yenyewe yako salama. Mstari wa RequiresMountsFor kwenye faili la huduma la systemd huilazimisha isubiri.

Dawa iliyozoeleka ni kuipa cron kazi ya kutoa mpc update, tuseme kila baada ya dakika 15. Kwa kuwa MPD hulinganisha tarehe za mafaili, haisomi upya nyimbo ambazo hazijaguswa. Anayehariri majina ya nyimbo kwa programu inayohifadhi tarehe ya awali atahitaji mpc rescan, ambayo husoma kila kitu na huchukua muda mrefu kwenye mkusanyiko mkubwa.

Hata hivyo, njia bora ni kuiacha seva yenyewe itoe taarifa. Kwenye seva, inotify inafanya kazi ipasavyo, hivyo skripti fupi yenye inotifywait inaweza kuiona albamu ikiingia na kutuma mpc update kwa MPD kupitia mlango wa 6600, mradi MPD imeruhusiwa kupokea amri za mtandao. Mwenye seva inayokubali skripti aanze na njia hii. Cron ibaki kwa wenye vifaa visivyoruhusu kuongezewa programu.