Sinema za Kale za Reli, Barabara na Madaraja: Tutazame Nini?

Wahenga walinena: Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Maneno haya yanafaa sana kwa watu wa Kisumu na pwani yote ya ziwa, maana meli iliyoitwa William Mackinnon ililetwa huku vipande vipande, na vingi katika hivyo vilibebwa na wapagazi kabla reli haijafika. Vikaunganishwa Kisumu, na meli ikashushwa majini mwaka wa 1900. Hakuna sinema iliyopigwa ya wapagazi wale. Lakini miaka iliyofuata, wapiga picha walikuja mara nyingi Afrika ya Mashariki, wakapiga sinema za barabara, madaraja, ndege na mabwawa. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji baadhi ya sinema hizo, na jinsi inavyotupasa kuzitazama. Kwa sababu mwenye kuzitazama ovyo ataona motakaa na wageni wakubwa tu, asiione kazi yenyewe.

RELI NA SIMBA

Kwanza tuikumbuke reli, maana ndiyo mama wa njia zetu. Kapteni Macdonald alipopima njia kutoka Mombasa katika miaka ya 1891 na 1892, mwisho wa njia yake ulikuwa Port Victoria, katika ghuba ya Berkeley. Baadaye wahandisi wakapata njia fupi zaidi ya kuteremka kutoka Mau, nayo ikaishia ghuba ya Kisumu. Hivyo Port Victoria ikabaki kijiji cha wavuvi, na Kisumu, iliyoitwa wakati ule Port Florence, ikawa mji. Mnamo Desemba 1901 Florence, mkewe mhandisi Ronald Preston, aligonga msumari wa mwisho. Reli iliitwa ya Uganda, na jina hilo halikukosewa, kwani mpaka mwaka wa 1902 upande huu wa ziwa ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Wafanya kazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa karibu 32,000. Zaidi ya 2,400 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na ajali, na maelfu wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Lakini watu wa sinema walipoitaka habari ya reli, walichagua nini? Walichagua simba wawili wa daraja la Tsavo. Sinema ya Bwana Devil ilitoka Marekani mwaka wa 1952, na ile ya The Ghost and the Darkness mwaka wa 1996. Ya kwanza ilipigwa California, na ya pili Afrika ya Kusini. Wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao, waliohifadhiwa Chicago, walikadiria kwamba waliliwa watu kama 35. Hatusemi kwamba 35 ni wachache. Kila mmoja alikuwa na mama yake. Lakini homa na kuhara viliua wengi mno kuliko simba, wala havikupata sinema.

MOTAKAA PASIPO BARABARA

Mwaka wa 1926 zilionyeshwa Ulaya sinema mbili za safari za motakaa zilizopita katika nchi zetu. Moja ni ya Wafaransa, La Croisière noire, iliyotengenezwa na Léon Poirier. Magari manane ya Citroën, yenye magurudumu mbele na mikanda mipana nyuma, yaliondoka Colomb-Béchar huko Algeria mwezi wa Oktoba 1924. Walipofika Kampala wakagawanyika makundi manne, na kundi la Louis Audouin-Dubreuil likashika njia ya Kenya mpaka Mombasa. Sinema ya pili ni ya Waingereza. Meja Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town tarehe 23 Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo tarehe 24 Januari 1926. Mpiga picha wao alikuwa T. A. Glover.

Miezi kumi na sita! Msomaji atauliza, kwa nini muda mrefu hivyo? Jibu ni kwamba penye mto hapakuwa na daraja, na penye tope hapakuwa na kokoto. Mara nyingi magari hayakuwavusha watu, bali watu ndio waliyavusha magari. Walikata miti wakatengeneza vivuko, wakafunga kamba, wakavuta. Katika sinema za namna hii wasafiri hutajwa majina mwanzoni, na waliovuta kamba huitwa "wenyeji" tu.

Tena tukumbuke jinsi barabara za kwetu zilivyopatikana wakati ule. Sheria ya mwaka wa 1912 iliwapa wazee wa vijiji mamlaka ya kuwaita watu kutengeneza barabara bila mshahara. Kazi za kulazimishwa zilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa katika mkutano mkubwa wa Lundha, Gem, Desemba 1921, ambapo kilizaliwa chama cha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Basi ukiona katika picha ya miaka ile barabara nyekundu iliyonyoka na kufagiwa, usidhani ilijifagia.

KISUMU MWAKA WA 1931

Mwaka wa 1931 Kisumu ilinyang'anywa kwa mkono mmoja ikapewa kwa mwingine. Reli ilivuka Nile kwa daraja la Jinja ikafika Kampala, na mizigo ya Uganda, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ikishushwa katika gati ya Kisumu na kupakiwa melini, ikapata njia nyingine. Lakini tarehe 28 Februari mwaka huo huo shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za ndege kutoka Croydon, London, mpaka Mwanza, kwa njia ya Kisumu. Baadaye njia ikafika Cape Town. Kuanzia mwaka wa 1937 ndege kubwa zinazotua majini zilipita Kisumu zikienda Durban, zikichukua barua na abiria wachache wenye fedha.

Shirika hilo lilitaka kutangaza njia zake, likamtuma Paul Rotha atengeneze sinema iitwayo Contact, iliyotoka mwaka wa 1933. Ni sinema ya sifa ya ndege, na ndege zile zilistahili sifa. Lakini mwenye akili atajiuliza: petroli ilifikaje katika kila kituo? Ni nani aliyefyeka uwanja, aliyeshika kamba ya ndege ilipotua ziwani, aliyepiga kasia kumleta abiria nchi kavu? Safari moja ya rubani ilisimama juu ya kazi ya watu mia, na hao mia hawakupanda ndege.

SIKU YA KUFUNGUA

Zipo pia picha za habari, zile fupi zilizoonyeshwa kabla ya sinema kubwa. Inayojulikana sana upande wetu ni ya tarehe 29 Aprili 1954, siku Malkia Elizabeth alipofungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Katika siku kama hiyo kamera huona bendera, bendi, kofia na hotuba. Haioni maporomoko ya Ripon, ambayo maji ya bwawa yaliyafunika. Tena haikurudi kutazama kazi ya miaka iliyofuata. Juu ya bwawa lile palipita barabara kuu ya Kenya na Uganda, na malori yote ya Mombasa yakapita hapo miaka zaidi ya sitini, mpaka daraja jipya la Nile lilipofunguliwa Oktoba 2018.

Hapa pana fundisho kubwa kwetu sote, mkulima na karani. Daraja hufunguliwa kwa siku moja, lakini hutunzwa kila siku. Anayezibua mfereji kabla ya mvua, anayebadili mataruma yaliyooza, anayekaza msumari wa reli, huyo hapigwi picha. Reli yetu ya Kisumu yenyewe ni ushahidi: ilichakaa hata gari moshi la abiria likakoma kwa miaka kadhaa, mpaka ilipokarabatiwa na gari kurudi Desemba 2021. Siku ya kurudi kamera zilikuwako. Katika miaka ya kuchakaa hazikuwako.

YATUPASAYO KUFANYA

Zamani sinema zilitufuata vijijini. Ofisi ya filamu za makoloni, iliyoanzishwa London mwaka wa 1939, ilitengeneza filamu za mafundisho, na magari ya sinema yakazunguka mashambani na mashine ya umeme na kitambaa cheupe. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda upesi, kwa hiyo filamu zilifanywa polepole mno. Wazee wetu walizifuata vizuri, na mara nyingi walicheka mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia.

Filamu nyingi za namna hiyo zimepotea. Baadhi ya filamu za zamani zilitengenezwa kwa namna ya plastiki inayowaka moto upesi na kuoza ikiachwa penye joto. Kati ya filamu 35 zilizotengenezwa Vugiri, Tanganyika, katika miaka ya 1935 hadi 1937, zinazojulikana kubaki ni chache mno. Nyingine za makoloni zimehifadhiwa Uingereza, katika British Film Institute, Imperial War Museum na hifadhi ya Bristol. Orodha iliyofanywa na wataalamu huko imetaja filamu zaidi ya 6,000, na baadhi yake zaweza kutazamwa na yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo leo mwalimu wa Bunyala au Nyakach aweza kuzionyesha shuleni pasipo kungoja gari la sinema.

Nashauri hivi. Shule, maktaba na vyama vya wakulima vionyeshe filamu hizi mbele ya wazee, na kijana mmoja aketi na daftari. Picha isimamishwe, na mzee aulizwe: Hapa ni wapi? Chombo hiki kinaitwaje? Mnyapara alikuwa nani? Mlilipwa nini, mlilala wapi, mliimba wimbo gani? Majibu yaandikwe pamoja na jina la filamu na dakika ya picha, kisha nakala moja ipelekwe Jumba la Nyaraka la Taifa, Nairobi, na nyingine ibaki shuleni.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi, lakini haiwezi kungoja. Kijana aliyeshika sururu barabarani mwaka wa 1954 akiwa na miaka 20 sasa amepita miaka 90. Filamu iliyo London itakaa katika chumba chake cha baridi miaka mingi ijayo. Mzee hatakaa. Akiondoka kabla hajaulizwa, picha itabaki nasi, ila waliomo ndani yake wataendelea kuitwa "wenyeji" tu.