Mchoro wa ECG wafichua moyo umeelemea upande upi

Mgonjwa anayeshuka matatu katika njia panda ya Kanduyi na kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma akilalamikia pumzi kukatika, huenda akalazwa chali, akafungwa waya mikononi, miguuni na kifuani, kisha mashine ikatoa karatasi yenye miraba midogo. Karatasi hiyo, mchoro wa umeme wa moyo au ECG, ni kitendawili kwa wengi. Hata hivyo, swali moja inalolijibu halihitaji kompyuta wala hesabu nzito: je, umeme wa moyo unaelekea upande gani?

Kila pigo la moyo hutanguliwa na umeme unaosambaa katika misuli yake. Husambaa pande nyingi kwa pamoja, lakini ukijumlishwa huwa na mwelekeo mmoja mkuu, ambao madaktari huuita mhimili. Kwa mtu mzima mwenye afya, mhimili huelekea chini na kushoto, kwa kuwa chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini kote, kina misuli minene kuliko kile cha kulia. Ni mfano wa mchezo wa kuvuta kamba: wenye nguvu huwavuta wenzao.

Aliyeweka msingi wa elimu hii ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa kisiwani Java mwaka 1860 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Aliichukulia mikono miwili na mguu wa kushoto kuwa pembe za pembetatu, moyo ukiwa katikati.

Msomaji wa mchoro hutazama kwanza sehemu mbili tu. Ile iliyoandikwa I huutazama umeme kutoka upande wa mkono wa kushoto. Iliyoandikwa aVF, kutoka miguuni. Umeme ukielekea huko, wimbi kubwa la kila pigo hupanda. Ukienda kinyume, hushuka. Likipanda katika zote mbili, mhimili ni wa kawaida. Likipanda katika I na kushuka katika aVF, hutazamwa sehemu ya II: likipanda humo, bado hakuna kasoro; likishuka, mhimili umeelemea kushoto. Likishuka katika I na kupanda katika aVF, umeelemea kulia. Kwa nyuzi, ambapo sufuri ni mkono wa kushoto na 90 ni miguuni, kiwango cha kawaida ni kuanzia 30 chini ya sufuri hadi 90.

Kuelemea kushoto kwaweza kutokana na kuziba kwa mojawapo ya njia za umeme, au kovu la shambulio la moyo. Shinikizo la damu la miaka mingi pia hunenepesha chumba cha kushoto, ingawa mara nyingi mhimili hausogei hata kidogo. Kwa hiyo mhimili wa kawaida si cheti cha afya.

Kuelemea kulia kwa kijana kunastahili kushughulikiwa kwa makini zaidi. Maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa kwa penisilini yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo ikabana vali ya moyo. Damu hurundikana mapafuni, na chumba cha kulia hulazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi hadi kinanenepa. Kijana huyo anahitaji kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, na huenda ikabidi asafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Kwa mtoto mchanga, kinyume chake, mhimili kuelekea kulia ni jambo la kawaida.

Lakini kuna mtego. Waya za mikono zikibadilishana nafasi, sehemu ya I hupinduka na moyo mzima huonekana umeelemea kulia. Dalili yake ni kwamba hata wimbi dogo la mwanzo wa pigo hushuka katika I, na aVR, ambayo kwa kawaida hushuka, hupanda, ilhali michoro ya kifuani haina kasoro. Iwapo nayo ina kasoro, yamkini moyo wenyewe uko upande wa kulia wa kifua, hali ambayo ni nadra. Kukagua waya na kurudia mchoro huchukua dakika chache, na hilo hufanywa kabla ya barua ya Eldoret kuandikwa.