Wanyamapori Hawajui Mpaka

Nyumbu wavukao Mto Mara kila mwaka hawaombi ruhusa ya kuingia Kenya wala ya kurejea Tanzania. Kwao, Serengeti na Maasai Mara ni malisho mamoja. Ni sisi wanadamu tuliopiga mstari katikati, na hofu yangu ni kwamba mstari huo waweza kuzigawa hata takwimu zetu.

Hebu tulitazame tatizo lenyewe. Mtafiti akiandika kwamba alimwona mnyama "karibu na mto", hakuna atakayepajua mahali hapo baada ya miaka ishirini. Akihesabu kwa wilaya, mipaka hubadilika. Sisi wenyewe tulihamia kaunti 47 baada ya Katiba ya 2010. Hata tarakimu za ramani zina hila zake. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti hutumia WGS 84. Tarakimu zile zile zaweza kuelekeza mahali pawili palipoachana kwa takriban mita 300.

Dawa ninayoiunga mkono ni miraba ya pamoja, ifuatayo mistari ya latitudo na longitudo bila kujali mipaka ya serikali. Chukua mraba wa digrii moja, uugawe mara nne, uvipe vipande herufi A, B, C na D. Kisha kila kipande ukigawe vivyo hivyo. Karibu na ikweta, hatua ya kwanza hutoa mraba wenye upande wa kilomita 55 hivi, na ya pili kilomita 28. Mwaka 2009, Ragnvald Larsen na wenzake walieleza katika jarida la African Journal of Ecology jinsi mpango huu unavyoweza kupanuliwa ili kuunganisha data za viumbe. Katika mraba unaoanzia digrii 1 kusini na digrii 35 mashariki, kipande C kimeshika sehemu ya Maasai Mara na sehemu ya kaskazini ya Serengeti. Jina moja, nchi mbili!

Lakini kugawa miraba hakutoshi. Sharti tuafikiane juu ya majina. Kusini mwa Afrika, "robo" ni robo ya upande wa digrii, yaani dakika 15. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy, iliyochapishwa 1989, ilitumia robo ya eneo la digrii mraba, yaani upande wa dakika 30. Mraba mmoja wa kwetu wameza minne ya kwao. Asiyelijua hilo atalinganisha pishi na kibaba. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, hutumia miraba ya dakika 5, na 36 kati ya hiyo huingia barabara katika mraba mmoja wa 1989. Kwa hiyo ya jana na ya leo yaweza kulinganishwa.

Wapo watakaodai kwamba mraba mkubwa huficha mengi. Ni kweli. Idadi ya simba katika kilomita mraba 3,000 haituambii wanalala wapi. Hata hivyo, kwa kifaru kuficha huko ni ngao, kwani jangili naye husoma ramani. Mahali hasa pajulikane na walinzi. Mraba utangazwe kwa wote.

Haya si mambo ya wataalamu pekee. Ua ukijengwa Narok bila kujua yaliyo ng'ambo, njia ya wanyama huzibwa, na hasara huwafika wafugaji na wahifadhi wa pande zote mbili.

Ndiyo maana nawageukia walimu wa jiografia. Wanafunzi wetu hujifunza kusoma miraba ya ramani ili wajibu mtihani. Wapeni mraba wa shule yao, waorodheshe ndege na wanyama waliomo mwaka baada ya mwaka, na wabadilishane orodha na shule nyingine, hata za ng'ambo ya mpaka. Haba na haba hujaza kibaba. Ila sharti kibaba chenyewe kiwe kimoja.