Kuanza upya? Waulize Crosby, Stills na Nash

Tangu niache chuo kuna swali moja linanifuata kila mahali, hadi ndani ya matatu: "Sasa utaanzia wapi?" Kama nawe unaulizwa hivyo, kaa hapa kidogo tuongee kuhusu albamu ya mwaka wa 1969.

Majamaa walikuwa watatu. David Crosby alitimuliwa na The Byrds mwaka wa 1967. Bendi ya Stephen Stills, Buffalo Springfield, ikavunjika mwaka uliofuata. Graham Nash, Mwingereza, alikuwa na hiti kibao na The Hollies, lakini mwishoni mwa 1968 akatoka mwenyewe. Wote walikuwa na majina makubwa, ila hakuna aliyekuwa na bendi.

Walipojaribu kuimba pamoja kule California, zile sauti zikashikana kama chapati na ndengu. Mei 1969 wakaachilia albamu yao ya kwanza, 'Crosby, Stills & Nash'. Mbona watumie majina yao? Kwa sababu The Byrds na The Hollies ziliendelea tu bila wao. Safari hii, ukimtoa mmoja, jina lenyewe linavunjika. Ujanja huo!

Studioni, Stills ndiye alibeba mzigo: gitaa, besi, ogani. Sikiza 'Suite: Judy Blue Eyes', dakika saba na ushee, kisha uniambie kama ulichoka.

Hata picha ya kava waliikoroga. Wameketi kwenye sofa kuukuu nje ya nyumba iliyohamwa, lakini kwa mpangilio wa Nash, Stills, Crosby. Waliporudi kuipiga tena, nyumba ilikuwa imebomolewa. Ikabidi waiache vivyo hivyo. Mwaka wa 2018 wasanii wengine watatu waliokuwa na majina tayari, boygenius, wakaiga picha hiyo hiyo.

Sasa cheki hii: mwaka wa 1970 Grammy ikawatuza kama msanii bora mpya. Wapya, na walikuwa wamezoea jukwaa miaka na mikaka! Hawakulalamika kwamba wamerudishwa darasa la kwanza. Walikuja na sauti zao, nyimbo zao na makosa ya bendi walizotoka, wakayatumia yote.

Mimi bado sina jibu la lile swali. Lakini kuna marafiki wawili tunapanga kitu, na tumekuwa tukizozana kuhusu jina. Nafikiri tutatumia yetu.