Kabla ujana haujapita: Daftari la kijana wa Same na mlima ambao baba yake hakuupanda

Abiria wengi wanaokwenda Moshi na Arusha kutoka Dar es Salaam huujua mji wa Same kwa kuuona kupitia dirisha la basi. Huona nchi kavu, miti ya miiba, vumbi linalopeperushwa na upepo na, upande wa mashariki, ukuta mrefu wa milima ambao kilele chake mara nyingi kimefunikwa na mawingu. Basi husimama kidogo, watu hununua maji na matunda, safari ikaendelea. Ni wachache wanaouliza juu ya ukuta ule kuna nini.

Nasi tulikuwa miongoni mwa wasiouliza, hadi tulipokaribishwa na familia moja ya Kiislamu mjini hapo na kusimuliwa kisa ambacho, kwa idhini yao, tunawaletea wasomaji wetu bila kutaja majina. Ni kisa kidogo. Hata hivyo tunaamini kwamba nyumba nyingi zina kisa kama hicho, ila hakijazungumzwa.

Kijana wa nyumba hiyo ana umri wa miaka 24. Amemaliza chuo, hajapata ajira aliyoisomea, na kwa sasa anatengeneza simu karibu na stendi. Siku moja mama yake, akipanga vitu chumbani, alikuta daftari. Katika ukurasa wa kwanza yaliandikwa mambo saba chini ya maneno haya: "Niyafanye kabla sijafa, inshaallah." La kwanza lilikuwa kuhifadhi Juzuu Amma pamoja na maana yake. La pili, kupanda mlima Shengena. La tatu, kuwaona vifaru wa Mkomazi. La nne, kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani. La tano, kujifunza Kiarabu cha kuzungumza. La sita, kuoa. La saba, kumpeleka mama Makka.

Mama aliumia. Jioni alimwita mwanawe, na baada ya kuitikia shikamoo yake alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu, yaani milima na vifaru vimetangulia, mimi nimekuwa wa mwisho?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Mama, niliandika kwa gharama, sikuandika kwa mapenzi. Lililo ghali kuliko yote ndilo limekuwa la mwisho."

Mama alicheka, lakini hakuridhika. Alitaka kujua kijana asiye na kazi ya uhakika anakwenda kutafuta nini mlimani, na watu watasemaje. Baba, aliyekuwa kimya muda wote, aliliomba daftari, akalisoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa pili. Yeye alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya mlima huo huo. Aliuona kila siku ya utoto wake alipokuwa akichunga mbuzi. Akiwa na miaka 18 alishuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, kisha akarudi kuishi Same, na hakupata kuupanda. "Kila mwaka," alisema, "nilikuwa nasema mwaka ujao."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mjadala wa nyumba ile ulipobadilika, na ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Wazazi wengi wa Kiislamu tunapomsikia kijana akitaja safari isiyo ya masomo, biashara wala msiba, moyo hutushtuka. Tunahofia upuuzi, marafiki wabaya na fedha kupotea. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini si hukumu. Qur'ani Tukufu inawaamuru watu mara kadhaa watembee katika ardhi na kutazama, katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, amri hiyo imefungamanishwa na kutafakari namna Allah (s.w.) alivyoanzisha uumbaji. Mtume (s.a.w.) naye ametuusia tuyawahi mambo matano kabla ya matano, na ujana kabla ya uzee umo ndani yake. Anayengoja astaafu ndipo auone uumbaji wa Mola wake, huenda akangoja akiwa na macho mazima na magoti mabovu.

Historia yetu imejaa vijana waliotoka. Imamu Bukhari alikuwa na miaka takriban 16 alipotoka Bukhara kwenda Hija pamoja na mama yake, aliyekuwa mjane, na ndugu yake. Walipomaliza ibada, yeye alibaki kutafuta elimu ya hadithi, na umma wote ukafaidika na kubaki kwake. Tukumbuke kwamba safari ile haikuanza kwa kumkimbia mama; ilianza akiwa pamoja naye.

Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, kuelekea Hija. Njia ilimchukua mbali zaidi ya alivyodhani. Mwaka 1331 alifika katika pwani yetu, akalala Mombasa na kuiona Kilwa katika siku zake za neema. Tunamsifu, na anastahili sifa. Lakini kuna sehemu ya kisa chake isiyosimuliwa sana kwa vijana. Alipofika Damascus mwaka 1348 akiwa njiani kurudi, aliambiwa kwamba baba yake alikwishafariki miaka 15 iliyopita. Mwaka uliofuata, akikaribia nyumbani, akapata habari kwamba mama yake naye ameondoka, kwa ile tauni kubwa iliyoikumba dunia wakati huo. Aliiona dunia, asiwaone wazazi wake.

Na tusidhani kwamba kusafiri na kuandika ni kazi ya Waarabu na Wazungu peke yao. Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, alisafiri mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Hata hapo Same, mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani kwa miguu hadi kwenye makao ya wilaya kupinga kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru. Miguu ya watu hawa imezoea kwenda mbali pale moyo unapokuwa na azma.

Turudi kwenye familia yetu. Baraza la nyumbani lilikaa usiku mmoja. Kijana aliswali istikhara. Baba aliweka masharti manne: asikope hata shilingi, asiende peke yake, waende na kiongozi anayeijua njia, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa msitu wa Chome umehifadhiwa, na waliobaki nyumbani wajue ni siku gani wanarejea. Kijana akaweka sharti lake moja. "Baba, nawe twende."

Waliondoka baada ya swala ya Alfajiri, watu watatu: baba, kijana na binamu yake. Kwa kufuata Sunna ya wasafiri watatu, walimteua mmoja wao kuwa kiongozi. Walimchagua binamu, ili baba na mwana wasibishane. Mama aliwafungia makande kwenye hotipoti, chakula ambacho Mpare hakisahau hata akiishi mjini miaka 40.

Anayepanda kutoka tambarare ya Same huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Miiba hubaki chini. Juu huja migomba, mahindi, maharage na, katika baadhi ya vijiji vya milima hiyo, mashamba ya tangawizi. Hewa hupoa. Kisha huja msitu wa asili, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Humo yumo ndege mdogo, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye Mola hakumweka mahali pengine popote duniani isipokuwa Upare Kusini. Vijana wangapi wa Same wanalijua hilo?

Goti la baba halikufika msituni. Katikati ya mteremko, karibu na ndiva ya zamani, aliketi na kusema, "Mimi nimefika." Ndiva ni bwawa la jadi la Wapare: maji ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, kila mwenye shamba akijua siku yake. Kijana alitaka kurudi naye. Baba akakataa. "Nimekaa miaka mingi nikisema mwaka ujao. Usiniongezee mwaka mwingine. Nenda, nitakungoja hapa na mzee mwenzangu anayelinda maji."

Kijana na binamu yake walilala kijijini, na asubuhi wakafika kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Tulimuuliza aliona nini. Alicheka. "Ukungu. Niliambiwa siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Sikuona hata mti wa pili." Waliswali rakaa mbili za Dhuha katika baridi ile, wakateremka.

Alichokiona kikamfaa zaidi kilikuwa chini, kwenye ndiva. Alimkuta baba yake amevua viatu, akimwonyesha yule mzee mahali ambapo babu yake alikuwa akifungulia maji katika zamu yake. Bwawa lilikuwa limejaa tope. Mzee alieleza kwamba msaragambo wa kulisafisha unaitishwa, lakini wanaofika ni wazee, kwa sababu vijana wameteremka mijini. Kijana hakuahidi makubwa. Aliomba aarifiwe siku ya msaragambo ujao, na tunavyoandika haya amekwishapanda tena mara mbili, na jembe begani.

Wapo watakaouliza: na mabinti je? Dada yake, mwenye miaka 19, aliuliza hilo kabla yetu. Binti naye ana ndoto, na dini haikumnyima kuuona uumbaji wa Allah (s.w.). Imeweka utaratibu wa kumlinda, na jambo la mahram ni vema familia iulize kwa wanazuoni wake badala ya kulifanya kisingizio cha kumfungia. Nyumba hii ilipata jawabu jepesi: lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko jirani kabisa na mji. Familia nzima ilikwenda, mama akiwemo, kuwatazama vifaru weusi, wanyama ambao walirejeshwa huko kuanzia miaka ya 1990 baada ya kumalizwa na majangili. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuondoka.

Kwa vijana tunasema: andikeni azma zenu, lakini ziwe na mpangilio. Deni lilipwe kabla ya nauli. Ridhaa ya wazazi itafutwe kwa upole, na ikikawia isigeuzwe ugomvi. Swala isipotee njiani. Kwa safari ndefu, ambazo wanazuoni wengi hukadiria kuanzia takriban kilomita 80, Sharia imetupa ruhusa ya kupunguza na kukusanya, ili asiwepo mwenye udhuru wa kuacha. Na safari iliyofanywa ili picha zionekane kwenye simu za watu huisha picha zinapoacha kutazamwa.

Kwa wazazi tunasema: mwulizeni kijana wenu ameandika nini moyoni mwake kabla hamjalikuta daftari. Na mkilikuta, lisomeni hadi mwisho.

Tulipoaga, mama alituonyesha daftari lile. Hakumtaka mwanawe abadili mpangilio wa mambo saba. Alimtaka aongeze safu ya pili, ya tarehe. Mbele ya Shengena na vifaru pamewekwa alama ya kumaliza. Mbele ya Makka umeandikwa mwaka, na chini yake kiasi wanachoweka kila mwezi, yeye kutokana na ushonaji wake na kijana kutokana na simu anazotengeneza. Pasipoti ya mama imekwishaombwa. Tunawaombea Allah (s.w.) awafikishe, na sisi sote, kabla ya goti kusema limefika.